Tulimshukuru kwa Sindano Ile

Mimi ni mtu wa hasira, na sina haja ya kuificha. Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu Kitengela, na fimbo yangu ilijulikana kuanzia steji ya matatu hadi ng'ambo ya mto. Nyumbani hali ilikuwa ile ile. Mimi na mume wangu tulipendana na kupigana kwa nguvu sawa, na sufuria zetu zote zilikuwa zimebonyea. Yeye alikuwa karani wa ofisi ya maji Kajiado. Aliondoka Jumatatu akarudi Ijumaa, na jioni za Ijumaa majirani walipunguza redio ili wasipitwe na neno.

Sote wawili tulitoka magharibi, kwenye vilima ambako mtu akipiga chafya shambani kwake jirani anamjibu. Kitengela ya wakati huo ilikuwa uwanda, upepo, na udongo mweusi uliovua watu viatu mvua ikinyesha. Nyumbu walipita nyuma ya choo. Punda wa jirani aliliwa na simba mchana kweupe, na watoto wangu wa darasa la tatu walikimbia kwenda kutazama mifupa. Tulikodi vyumba viwili kwa mzee wa Kimaasai ambaye mbuzi wake walilala upande wa pili wa ukuta wetu. Hakuwa na maneno mengi yule mzee. Tukipigana alikuja kusimama mlangoni na rungu lake, akasema, "Inatosha," na kweli ilitosha.

Mtoto wetu wa kwanza, mvulana, alikuwa akilelewa na nyanya yake huko magharibi. Nilimzaa bila taabu, kwa hiyo mimba ya pili iliponijia nilijiona fundi. Lakini tumbo lile halikukua kama la kwanza. Lilipanda juu kwa haraka, likawa gumu upande mmoja, na nikilala lilinikaba pumzi. Mke wa mzee aliniangalia akaniambia niache maziwa na nyama. Kwao mama mjamzito hupunguza chakula miezi ya mwisho ili mtoto asiwe mkubwa wa kumshinda kumzaa. Nikaacha. Nikakonda mikono na uso, tumbo likaendelea kukua peke yake.

Tukaenda Nairobi kupigwa picha ya tumbo. Aliyepiga aligeuza kile kioo cha mashine upande wake, kisha akasema mtoto ni msichana, moyo unapiga vizuri, lakini kichwa kimejaa maji. Maji yale yameusukuma ubongo pembeni na kichwa kimepita kiasi. Hakitaweza kutoka.

Tulipofika nje mume wangu alicheka. "Maji tena," akasema. "Si mimi ndiye mtu wa maji?"

Nilimpiga kwa mkoba usoni pale pale barabarani. Nikampiga tena. Watu wakatuzunguka, mwanamke mmoja akanishangilia, na ndipo nilipoona kwamba mume wangu hakuwa akicheka tena. Alikuwa analia, damu na machozi vikimchirizika kwenye kola ya shati la kazi. Nilimchukia kwa kulia kabla yangu.

Mzee mwenye nyumba alitusikia tukigombana juu ya jambo hilo Jumamosi iliyofuata. Safari hii hakusema inatosha. Alituita kwenye boma la mbuzi.

"Mwalimu, hiyo ugonjwa hata mbuzi inapata," alisema. "Kuja uone."

Kulikuwa na mbuzi mmoja jike aliyekuwa akizunguka. Shingo ilipinda kushoto, naye alizunguka kushoto, akijigonga kwenye miiba, akianguka, akiinuka, akizunguka tena. Mzee alisema alikuwa amepanga kumchinja, lakini kwa ajili yetu angejaribu kitu alichofundishwa na baba yake. Mume wangu alishika pembe. Mimi nilishika miguu ya nyuma, tumbo langu limeegemea mgongo wa yule mnyama, na mtoto wangu akipiga mateke kutoka ndani.

Mzee alipapasa kichwa kwa kidole gumba hadi akapata mahali ambapo mfupa ulikuwa umelainika. Akachana ngozi kwa kisu, akaifunua kama mfuniko. Mbuzi alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mnyama wala kwa mtu. Sikuachilia miguu. Ncha ya kisu iliingia mfupani kwa urahisi, mfupa ukavunjika kama ganda la yai, na ndani pakaonekana kitu cheupe kilichovimba. Mzee akaweka kisu chini, akaanza kukivuta kwa vidole, taratibu. "Ikipasuka amekufa," alisema. Hakikupasuka. Kilikuwa kifuko cha maji, kikubwa kama limau, maji meupe kabisa, na ndani mna chembe kama punje za mchele. Alikilaza kwenye jani, akarudisha ngozi mahali pake, akapaka mafuta ya kondoo.

"Wachilia."

Tukaachilia. Mbuzi alisimama, akatetemeka, damu ikimdondoka jichoni. Kisha akatembea. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye ua, akala jani. Mume wangu alipiga ukelele kama mtu aliyefunga bao, akanikumbatia na mikono yake yenye damu, na nguo yangu ya mimba ikaharibika na sikujali. Tangu siku ile imani yetu yote tuliiweka juu ya yule mbuzi.

Mume wangu alikuwa amesikia habari za daktari kijana Kajiado, katika hospitali ndogo ya mtu binafsi ambayo siku hizi ni duka la mbao na misumari. Tulimpelekea picha. Alikuwa mpole, mwenye vidole vyembamba na viatu vilivyong'arishwa. Alituambia kwamba ng'ambo madaktari waliwahi kujaribu kumtibu mtoto wa namna hii akiwa bado tumboni. Waliingiza mrija mwembamba kichwani mwake ili maji yamwagike polepole humo humo tumboni mwa mama, ubongo upate nafasi ya kukua. Watoto wengi walikufa, na wengi wa waliobaki hawakuwa wazima. Wakaacha. "Hapa kwetu hata huo mrija hatuna," alisema.

"Basi hakuna njia?" nikauliza.

"Kuna njia. Uchungu ukianza, nitapitisha sindano kwenye tumbo lako, iingie kichwani, nitoe maji. Kichwa kitapungua na atatoka bila kukupasua. Mama atapona."

Nikikumbuka maneno yale leo naona kwamba yalimtaja mama peke yake. Lakini hatukumwuliza habari za mtoto, kwa sababu sisi tulikuwa tumeshajibiwa, kule kwenye boma la mbuzi. Tulikuwa tumeona kwa macho yetu maji yakitolewa na kiumbe kikitembea moja kwa moja.

Mume wangu alisimama. "Kama mbuzi!" alisema, uso wote unang'aa. "Daktari, hata sisi tumeona kwa mbuzi!"

Daktari alikunja uso. "Kwa hivyo mnakubali?"

"Tunakubali! Hata leo, kama inawezekana."

Mume wangu aliushika mkono wa daktari kwa mikono yake miwili, akautikisa. Nami nilimwombea baraka kwa sauti, kama tunavyofanya kwetu. Wiki iliyofuata tulimpelekea paja la mbuzi. Hakulipokea mkononi. Alisema tuliache kwenye benchi, na mimi nikadhani ni adabu ya watu waliosoma.

Siku za mwisho nilihamia chumba cha mume wangu Kajiado. Uchungu ulinianza asubuhi nikifua. Nilikwenda hospitalini kwa miguu, nikiwa nimejishika kiuno, mume wangu amebeba mfuko. Ndani ya mfuko mlikuwa na nguo za mtoto na kofia ya manjano niliyoifuma mwenyewe. Niliifuma kubwa makusudi, kwa sababu niliwaza kwamba kichwa hakitapungua chote mara moja. Nilimkabidhi nesi, mama wa makamo mwenye sauti nzito, nikamwonyesha ile kofia. Aliiangalia, akaniangalia, akairudisha kwenye mfuko.

Walinilaza. Mume wangu aliachwa kwenye veranda. Daktari aliingia na sindano ndefu kama ile ya kushonea magunia, akapapasa tumbo kwa vidole vyake vyembamba kama mzee alivyopapasa kwa kidole gumba, na nikafurahi kuona wanafanya kazi kwa namna moja. Aliposukuma sindano nilihisi ngozi ikikataa, kisha ikikubali, kisha kitu kigumu ndani kikikataa. Mtoto alijipinda wote. Niliuma shuka. Kisha nikasikia maji yakidondoka kwenye bakuli, na kwa maumivu yale yote niliona furaha. Ni meupe, nikawaza. Meupe kama ya mbuzi.

Nikageuza shingo kutafuta kitanda cha mtoto. Nilikuwa nimeshazaa, najua chumba cha kuzalia kinavyoandaliwa: kitambaa cha kumfutia, blanketi, mahali pa kumlaza. Hapakuwa na kitu. Meza ilikuwa tupu. Mfuko wangu ulikuwa chini ya kitanda, umefungwa.

"Nesi, kofia iko wapi?"

"Tulia, mama."

"Kofia ya mtoto. Nimekupa. Iko wapi?"

Alinishika bega. Sauti yake nzito ilishuka. "Mama, hautaihitaji."

Nilielewa yote kwa mara moja. Maji yale hayakuwa dawa. Walikuwa wanakikausha kichwa cha mwanangu kama mtungi, apite, azikwe, na mimi nilikuwa nimemwombea baraka mtu anayefanya hivyo.

Mkono wa daktari ulikuwa karibu na uso wangu, ukiegemea tumbo lililopanda hadi kifuani. Niliuma. Niliuma kifundo cha mkono kwa meno yote niliyonayo, na damu iliponijaa mdomoni sikuacha. Alipiga kelele, sindano ikatoka. Nikapiga teke trei, vyuma vikaruka ukutani. Nikapiga teke bakuli, na maji ya kichwa cha mwanangu yakamwagika sakafuni. Nikapiga mayowe, "Anamuua! Baba watoto, anamuua!"

Mlango uling'olewa kwa bega. Mume wangu aliingia, akaona damu mdomoni mwangu na damu mkononi mwa daktari, na hakuuliza ya nani. Alimpiga ngumi ya pua. Daktari akaangukia kabati. Mlinzi akaingia mbio, akamtandika mume wangu rungu la kisogo, nao watatu wakaanguka pamoja, wakiteleza kwenye yale maji, wakishikana makoo. Mimi kutoka kitandani nilirusha chochote nilichofikia. Nilimpata mlinzi kwa chupa ya spiriti.

"Nyamazeni!" Nesi alipaza sauti hadi mabati yakalia. "Nyinyi wawili, mnamtaka huyu mtoto ama hamumtaki?"

"Tunamtaka!" mume wangu alilia kutoka sakafuni.

Daktari aliinuka. Pua ilikuwa imevunjika, mkono unachuruzika. Alituangalia kwa chuki ambayo sikuielewa, maana mwenye haki ya chuki nilidhani ni mimi. Kisha akasema, "Mpeleke thieta." Alinipasua yeye mwenyewe, mkono wake umefungwa bandeji chini ya glavu.

Mtoto alilia. Nakumbuka hilo kabla ya jingine lolote. Alilia kwa hasira, na nesi akaenda mwenyewe kufungua mfuko. Kofia ya manjano ilimtosha kamili. Juu ya sikio la kulia palikuwa na kidonda kidogo, tundu la sindano.

Wiki chache baadaye, katika hospitali ya misheni huko juu kwenye baridi, walimwekea mrija chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni. Mrija kama ule ambao ng'ambo walijaribu kabla watoto hawajazaliwa, yeye aliupata akiwa amezaliwa, na ukashika. Tuliporudi Kitengela nilitafuta yule mbuzi kwa macho nikitaka kumwonyesha mtoto. Mke wa mzee aliinamisha kichwa. Mbuzi alikuwa amekufa, akaniambia, siku chache tu baada ya mimi kuondoka. Alianguka asubuhi akipiga mateke hewani, mzee akawatupia mbwa, akakataza mtu yeyote kutuambia. Mbuzi tuliyeweka imani yetu juu yake alikuwa tayari tumboni mwa mbwa siku ile sindano ilipoingia.

Tangu hapo mimi na mume wangu hatukupigana tena. Tulikuwa na watu wa nje wa kupigana nao. Mwanamke mmoja kwenye kinu cha unga alisema mtoto wangu ana kichwa kama debe, nikamtumbukiza uso kwenye unga wake hadi wakanivuta kwa nywele. Tulipelekwa kwa chifu, nikasema nitarudia. Mume wangu alirudi siku moja na jino moja pungufu, akicheka kabisa, kwa sababu mtu mmoja kwenye baa alikuwa amesema zamani watoto wa namna hiyo waliachwa porini. Msichana wetu alichelewa kutembea, na jicho moja lilikwenda lilikotaka. Lakini ulimi wake ulikuwa wembe. Wavulana walipomrushia mawe shuleni, alimkamata mmoja akamwuma sikio. Nilipoitwa na mwalimu mkuu nilijitahidi kuonyesha huzuni.

Alikua akijua kisa chake. Nilimsimulia, nikawasimulia walimu, nikasimulia kanisani: kulikuwa na daktari Kajiado aliyetaka kumuua, na mimi nikamwuma. Yeye alikipenda kisa hicho kuliko nyimbo.

Alipokuwa darasa la nne, miaka ya elfu mbili imeshaingia na Kitengela imefura kwa maghorofa na wafanyakazi wa viwandani, aliamka akitapika na kushika kichwa. Mume wangu alikuwa kazini. Nilimbeba mgongoni, mkubwa vile alivyokuwa, hadi kliniki mpya iliyofunguliwa juu ya supermarket. Daktari alikuwa na kipara na miwani. Sikumjua hadi alipokunja mikono ya koti kunawa. Kwenye kifundo cha mkono palikuwa na nusu duara ya meno yangu.

Naye aliangalia kichwa cha mtoto, akaangalia juu ya sikio la kulia, akakaa chini.

"Mum," msichana alisema, "ni huyu?"

"Ni huyu."

"Yule alitaka kuniua?"

Daktari alivua miwani. "Nani alikuambia hivyo?"

"Kila mtu anajua."

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya siku hiyo kwa miaka. Nilikuwa nimeyanoa. Lakini alianza yeye, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa hasira ya zamani kama yangu.

"Mwalimu, mlinishukuru," alisema. "Niliwaambia nitatoboa kichwa cha mtoto wenu, mkasimama mkanishukuru. Mkaniambia hata leo. Mkaniletea nyama! Sijawahi kushukuriwa kwa kazi ile. Kila mtu hulia. Na mumeo akaniambia habari za mbuzi, nikajiambia, hawa watu kwao mtoto ni kama mbuzi, ameharibika, chinja. Siku ile niliingia pale nikiwachukia. Halafu sindano imeshaingia ndio mkabadilisha mawazo, mkanivunja pua kwa uamuzi wenu wenyewe."

"Hatukubadilisha mawazo," nikasema. "Mbuzi alitobolewa kichwa akapona. Tuliona. Tulidhani unamtibu."

Nikaendelea kumwambia habari za kifuko cha maji na jani na mbuzi kutembea moja kwa moja, na kadiri nilivyosema ndivyo uso wake ulivyozidi kuanguka, na ndivyo maneno yangu yaliyonolewa yalivyokosa mtu wa kumchoma. Nilitaka awe muuaji. Miaka yote ile naye alitaka tuwe sisi.

"Mtu yeyote angewauliza swali moja," alisema. "Mbona mimi sikuuliza?"

"Na sisi?"

"Mkimaliza," msichana alisema kutoka kitandani, macho amefumba, "kichwa bado kinaniuma."

Daktari aliinuka haraka, akafuta mikono. Akanigeukia. "Mwalimu, naweza kumshika?"

"Muulize mwenyewe."

Alivuta kiti, akakaa uso wake ukiwa sawa na wa mtoto. Alimwambia kwamba nyuma ya sikio, chini ya ngozi, kuna kidude cha kupitisha maji. Atakibonyeza taratibu kwa kidole. Kikirudi juu, mrija unafanya kazi. Kikikataa kurudi, umeziba, basi atamtafutia gari sasa hivi arudi kule juu kwenye baridi wabadilishe, na atapasuliwa tena, na itauma, lakini ni ili aendelee kuishi.

"Umeelewa?" akamwuliza.

Msichana alifumbua jicho lake zima, akamwangalia, kisha akaniangalia mimi.

"Rudia," alisema.

Daktari akarudia yote tangu mwanzo.